Somo la Saba: Nyumba ya Mtindo wa Usasa Ufukweni

Mwenye kujenga ufukweni hutafuta mambo mawili: utulivu wa nafsi na mandhari ya bahari. Bahari huyatoa yote mawili bila malipo, lakini hutoza ushuru wake kwa chumvi, upepo, jua na maji. Nyumba iliyobuniwa bila kuuhesabu ushuru huo hupendeza katika picha, na huanza kumsumbua mwenyewe kabla miaka mitano haijatimia. Wanaopata hasara hiyo mara nyingi ni watu waliokusanya akiba ya maisha yao yote ili wapate mahali pa kupumzika uzeeni.

Katika somo hili tunaieleza nyumba ya mtindo wa usasa, yaani nyumba ya zege na vioo, yenye kuta nyeupe zisizo na mapambo na paa bapa, ambayo siku hizi hupendwa sana na wajenzi wa pwani ya Tanzania. Hatulengi kumfanya msomaji awe mbunifu. Twataka aweze kuuliza maswali yafaayo kabla hajatia saini wala kutoa fedha.

1. Asili ya mtindo huu

Mtindo wa usasa ulishika kasi Ulaya katika miaka ya 1920. Kwa kuwa nguzo za zege lenye nondo zaweza kubeba mzigo wote wa jengo, ukuta ulipunguziwa kazi hiyo. Mbunifu akapata uhuru wa kuweka madirisha mapana kutoka pembe hata pembe, kuacha sebule bila kugawanywa, na kuifanya paa kuwa mahali pa kukaa. Mtindo huu si mgeni kwetu: Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ni la ukoo huo huo, na paa lake limebuniwa kwa kuzingatia joto na mvua za hapa.

Jambo la kukumbuka ni kwamba nyumba za mwanzo za mtindo huu zilijengwa katika nchi zenye baridi, ambako jua hutamaniwa. Anayenakili picha ya nyumba ya huko na kuileta Bagamoyo au Tanga huuleta pia mpango wa kukaribisha jua, mahali ambapo jua lapaswa kuzuiwa.

2. Nyumba mbili za kujifunzia

Nyumba ya kwanza ipo Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, na huitwa E-1027. Ilijengwa kati ya 1926 na 1929 na Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, akishirikiana na Jean Badovici. Ipo kwenye mteremko juu ya bahari. Gray alikaa sana mahali penyewe akiangalia mwendo wa jua na upepo. Madirisha yake hukunjwa yakafunguka, na mbele yake kuna viwambo vya mbao vinavyosogezwa ili kupunguza mwanga bila kuzuia hewa. Aidha, alihakikisha kwamba kila anayeishi humo, hata mgeni, anaweza kujitenga na kupata faragha yake. Hata hivyo, pamoja na ustadi wote huo, hewa ya chumvi iliyala mazege yake, ikabidi yafanyiwe ukarabati mkubwa kabla nyumba haijafunguliwa upya kwa wageni mwaka 2021.

Nyumba ya pili ipo Plano, katika jimbo la Illinois, Marekani, kando ya mto Fox. Daktari Edith Farnsworth wa Chicago alimpa kazi Ludwig Mies van der Rohe amjengee nyumba ya mapumziko, ikakamilika mwaka 1951. Pande zake zote nne ni kioo. Wasanifu wa dunia nzima huisifu hadi leo. Lakini mwenyewe alilalamikia joto la kiangazi, kukosa faragha, na gharama zilizopanda kupita makadirio. Mbunifu alimfikisha mahakamani akidai malipo. Naye akamjibu kwa madai yake. Urafiki wao ukafa. Nyumba iliinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko, lakini maji ya mto yaliingia ndani mwaka 1954 na tena mwaka 1996.

Mbunifu wa kwanza alianza kwa kukichunguza kiwanja na kuyasikiliza maisha ya watakaokaa. Katika nyumba ya pili sura ilitangulia, na hesabu za fedha hazikuwekwa wazi mapema. Hakuna aliyekuwa mjinga kati ya hao wote. Ndiyo maana tunasema kosa hili laweza kumpata yeyote.

3. Kiwanja kabla ya ramani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Muuzaji anayesema, "Hapa utakunywa chai miguu ikiwa majini," huenda anauza ardhi isiyoruhusiwa kujengwa. Omba afisa wa ardhi au wa mazingira wa halmashauri aje kiwanjani, aonyeshe mahali kipimo kinapoanzia, kisha aandike. Neno la mdomo halitakusaidia siku nyumba itakapowekewa alama ya kubomolewa. Kwa upande wa Zanzibar, masuala haya yana sheria zake, na mjenzi aulize mamlaka za huko.

Mita 60 ni kiwango cha sheria. Bahari haikuahidi kukiheshimu. Ufukwe wa Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, umekuwa ukimomonyoka kwa miongo mingi. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

(a) Kitembelee kiwanja wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu. Bamvua kubwa zaidi huwa karibu na Machi na Septemba. Maji mafu hayatakuonyesha ukweli.

(b) Waulize wavuvi na wazee wa mahali hapo ukingo ulikuwa wapi miaka ishirini iliyopita. Mnazi uliolala mizizi ikiwa nje ni ushahidi.

(c) Usikubali kufyeka mikoko ili kupata mandhari. Mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali. Tena ndiyo inayozuia mawimbi yasile ardhi yako.

(d) Pima udongo kabla ya kuchora msingi. Gharama ya kupima ni ndogo ikilinganishwa na ile ya kuushona ukuta uliopasuka.

4. Jua na upepo

Dar es Salaam ipo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni, jua la saa sita mchana husimama upande wa kaskazini, kiasi cha digrii 60 juu ya upeo. Mwezi Desemba husimama upande wa kusini, kiasi cha digrii 73. Kutokana na hayo twaweza kukokotoa kina cha upenu. Dirisha la kaskazini lenye kimo cha mita 2.1 lahitaji upenu wenye kina cha takriban mita 1.2 ili lisichomwe na jua la mchana wa Juni. La kusini lenye kimo hicho hicho litatosheka na sentimita 65 kwa jua la mchana wa Desemba.

Ugumu upo mashariki na magharibi. Kwetu bahari ipo mashariki, na dirisha la mandhari hutazama huko. Saa 2 asubuhi jua lingali chini, kama digrii 25 au pungufu, na hupenya chini ya upenu. Upenu wa kulizuia ungehitaji kina cha zaidi ya mita 4. Dawa yake ni varanda pana, au viwambo vya mbao vinavyosogezwa kama vile vya Gray, au vibao vya kusimama wima vinavyogeuzwa. Upande wa magharibi, ambako jua la alasiri ni kali zaidi na hakuna bahari ya kutazamwa, pawekwe bafu, stoo, ngazi na madirisha madogo.

Kuhusu upepo, pwani yetu imejaliwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Oktoba. Pepo zote mbili hufika kwenye uso wa nyumba unaotazama bahari. Lakini hewa haiingii mahali isipoweza kutoka. Kila chumba cha kulala kiwe na tundu la pili upande wa pili, lisilo dogo kuliko dirisha la kuingilia hewa. Nyavu za mbu hupunguza upepo, kwa hiyo tundu lenye wavu liwe pana zaidi. Mwulize mbunifu: "Umeme ukikatika usiku wa Februari, nitalalaje?" Asipokuwa na jibu ila kiyoyozi, ramani haijakamilika.

5. Kioo na mandhari

Si lazima ukuta wote uwe kioo ili bahari ionekane. Mtu aketiye huona kupitia eneo la kati ya kifua na kichwa. Kioo kilicho juu ya dari ya macho huleta joto, na kilicho chini ya magoti huleta vumbi na gharama. Dirisha refu la mlalo, lililopimwa kwa kimo cha mtu aliyekaa kitini, hutoa mandhari yote kwa eneo dogo la kioo. Kabla ya kuidhinisha ramani, nenda kiwanjani na kiti. Keti mahali sebule itakapokuwa. Kama ghorofa itakuwa juu, tumia jukwaa la mbao. Tazama nini kinaonekana, na uliza jirani ana ruhusa ya kujenga nini mbele yako. Mandhari uliyoilipia yaweza kuzibwa kihalali.

Kioo cha mlango au cha dirisha linalofika sakafuni kiwe cha usalama: ama kilichokaushwa kwa moto, ambacho kikivunjika huwa chembe ndogo, ama cha tabaka mbili, ambacho vipande vyake hubaki vimeshikana. Aina ya kioo, unene wake na aina ya fremu viandikwe katika mkataba. Maneno "kioo kizuri" hayana maana mbele ya msuluhishi.

6. Zege, nondo na chumvi

Chumvi ya hewani hupenya katika zege kidogo kidogo hadi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, hulisukuma zege, nalo hupasuka na kumeguka. Kasoro hii haionekani siku ya makabidhiano. Kinga yake ni ya bei nafuu wakati wa ujenzi, na ni ya bei kubwa mno baadaye:

(a) Zege linalofunika nondo upande wa nje liwe na unene wa takriban milimita 45 hadi 50, kama mhandisi atakavyoelekeza. Siku moja kabla ya kumwaga zege, nenda na rula ukapime nafasi kati ya nondo na ubao.

(b) Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima chenye chumvi visitumike. Kuonja maji kwa ulimi ni hatua ya kwanza. Kipimo cha maabara ndicho cha kuaminika.

(c) Zege limwagiliwe maji safi kwa muda usiopungua siku 7. Fundi anayeacha kumwagilia siku ya pili anakuuzia zege lenye vinyweleo, ambavyo ndiyo njia ya chumvi.

(d) Bawaba, skrubu na vyuma vya ngazi viwe vya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambalo huhimili bahari kuliko daraja la 304. Kwa macho hayatofautiki, kwa hiyo daktari wa jambo hili ni risiti yenye kutaja daraja.

7. Paa bapa

Jina lisikudanganye: paa bapa lililo bapa kweli ni bwawa. Villa Savoye ya Poissy, Ufaransa, iliyobuniwa na Le Corbusier na Pierre Jeanneret na kukamilika mwaka 1931, ni miongoni mwa majengo mashuhuri kabisa ya mtindo huu. Lakini familia iliyokaa humo ililalamikia kuvuja kwake kwa miaka. Kama ilitokea huko, basi yaweza kutokea chini ya masika yetu.

Dai mteremko wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40. Katika paa lenye urefu wa mita 8, upande mmja utakuwa juu kwa sentimita 20. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 100 huleta lita 5,000 za maji. Kwa hiyo pawepo matundu mawili ya kutolea maji, si moja, na tundu la ziada pembeni iwapo majani yataziba. Kabla ya kuweka vigae, paa lizibwe matundu, lijazwe maji, liachwe kwa saa 24, na dari ikaguliwe chini yake. Jaribio hili liandikwe katika mkataba kama sharti la malipo. Na maji yale 5,000 yasipotee bure: yaelekezwe kwenye tangi.

8. Utulivu

Utulivu hubuniwa; haupatikani kwa kuwa mbali na mji tu. Kitembelee kiwanja Jumamosi usiku na alfajiri ya siku ya kazi. Sikiliza: je, kuna ukumbi wa muziki, mashine ya kusaga, au barabara ya malori? Kisha tazama kelele utakazozileta mwenyewe. Jenereta, pampu ya maji na mashine za viyoyozi visiwekwe nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya jenereta mahali pa wazi hupungua kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo kuihamisha kutoka mita 4 hadi mita 16 hupunguza desibeli 12, nayo ni nafuu inayosikika wazi.

Katika jambo hili wahenga wetu wa pwani wana la kutufundisha. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, mgeni hupokewa barazani; hupita katika daka; na maisha ya ndani huuzunguka ua uliofichika. Kutoka mtaani hadi chumbani kuna hatua kadhaa za kuacha kelele nyuma. Nyumba ya usasa yaweza kuuchukua mpango huo bila kuiga nakshi zake: ukuta mtulivu upande wa barabara, ua mdogo wenye mti, ndipo bahari ifunguke.

9. Mkataba na fedha

Wataalamu wanne huhusika: mbunifu majengo, mhandisi, mkadiriaji majenzi na mkandarasi. Wa kwanza na wa tatu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mkandarasi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Omba namba ya usajili, kisha uithibitishe kwa bodi yenyewe, si kwa karatasi uliyoonyeshwa. Kibali cha ujenzi kipatikane kabla ya jembe la kwanza kupigwa.

Tuchukue mfano. Mstaafu anajenga kwa mkataba wa shilingi milioni 180. Fundi anamwambia: "Mzee, nipe milioni 100 sasa, saruji itapanda bei." Akikubali, atakuwa amelipa zaidi ya nusu, na kiwanjani hakuna kitu. Nguvu yake ya kudai imekwisha siku hiyo hiyo. Njia bora ni kulipa kwa hatua zilizokaguliwa. Tuseme kazi ya msingi imekaguliwa na kuthaminiwa kuwa milioni 40, na mkataba unasema asilimia 10 izuiliwe. Atalipa milioni 36 na kuzuia milioni 4. Mwisho wa kazi atakuwa amezuia milioni 18: tisa atazitoa siku ya makabidhiano, na tisa baada ya kipindi cha matazamio. Kipindi hicho kiwe cha miezi 12, ili nyumba ipitiwe na masika na vuli, kusi na kaskazi, kabla fedha ya mwisho haijatoka.

Badiliko lolote la ramani, hata likiwa la dirisha moja, liandikwe pamoja na bei yake na kutiwa saini kabla halijafanywa. Laiti hilo lingezingatiwa huko Plano, huenda mwenye nyumba na mbunifu wake wasingeonana mahakamani.

Maswali ya kujipima

1. Dirisha la kaskazini lina kimo cha mita 1.4. Je, upenu wa sentimita 50 unatosha kwa jua la mchana wa Juni?

2. Muuzaji anakuonyesha kiwanja wakati wa maji mafu, na anasema ukingo upo mita 70. Utafanya nini kabla ya kulipa?

3. Paa lina urefu wa mita 6. Upande mmoja uwe juu kwa kiasi gani?

Majibu: (1) Hautoshi, zahitajika takriban sentimita 80. (2) Rudi wakati wa bamvua, mwite afisa apime, na upate maandishi. (3) Sentimita 15.

Hitimisho

Nyumba ya mapumziko imetimiza kazi yake pale mwenyewe anapoweza kuketi barazani bila kuwaza ufa, uvujaji wala kesi. Rula, kiti, ndoo ya maji na kalamu ni vyombo vya bei ndogo, na kila mjenzi aweza kuvibeba hadi kiwanjani. Tunamsihi msomaji avitumie mapema, angali ana hiari ya kusema hapana. Katika somo lijalo tutaeleza namna ya kuandika orodha ya kasoro siku ya makabidhiano.